Gran Turismo 7, Assetto Corsa Competizione au Automobilista 2: simuleta tatu za mbio baada ya masasisho makubwa, kwa mchezaji wa Uganda

Anayetaka kununua simuleta ya mbio za magari, yaani mchezo unaoiga uendeshaji halisi, mjini Kampala hukutana na ubishi kabla hajatoa hata shilingi moja. Huyu humwambia kwamba sasisho la mwisho limeharibu gari, yule huapa kwamba gari lilizaliwa siku ya sasisho hilohilo. Sisi tuko sita, tunakutana Jumamosi katika chumba kilicho nyuma ya duka la vipuri Bweyogerere, na kwa kuwa mmoja wetu ametoka Arua, mwingine Busia, na wa tatu amelelewa kambini Jinja, lugha inayotuunganisha katika ubishi huo ni Kiswahili. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba tunatofautiana kwa sababu ya ladha. Baadaye niliona jambo jepesi zaidi: waliokuwa wakisifu na waliokuwa wakilaani hawakuwa wameshika kitu kimoja mkononi. Mmoja alikuwa na pedi, kile kidhibiti kidogo cha kushikwa viganjani, mwenzake alikuwa na usukani, na kila mmoja alidhani anazungumzia gari lilelile.

Kwa hiyo ulinganisho huu unahusu simuleta tatu ambazo kila moja ilipata sasisho lililobadilisha namna gari linavyoendeshwa, na unamlenga mtu ambaye fedha zake zinatosha kuchagua moja tu.

Masasisho yenyewe

Gran Turismo 7 ilitoka Machi 2022 kwa ajili ya PlayStation 4 na PlayStation 5. Ni kazi ya Polyphony Digital ya Japani, inayoongozwa na Kazunori Yamauchi. Masasisho yake huja mara kwa mara, na mengi huongeza magari machache, lakini toleo la 1.49 la Julai 2024 lilikwenda mbali zaidi. Pamoja na kuirudisha njia ya mbio ya Eiger Nordwand, lilipanga upya hesabu za springi na shokamzoba, mshiko wa matairi, joto lake na jinsi yanavyolika.

Assetto Corsa Competizione, ya Kunos Simulazioni ya Italia, ilikamilika Mei 2019 kwa kompyuta na baadaye ikaingia katika konsoli kama PlayStation. Hii haina magari ya kila namna kama ile ya kwanza. Uti wake wa mgongo ni magari ya mashindano ya daraja la GT3 na GT4, yaani magari ya kasi ya barabarani yaliyogeuzwa kuwa ya mbio. Sasisho lake kubwa ni toleo la 1.9 la Aprili 2023, lililobadilisha bila malipo modeli ya matairi, yaani hesabu zinazoamua jinsi yanavyoshika lami, huku magari mapya ya msimu huo, yakiwemo Ferrari 296 GT3 na Porsche 992 GT3 R, yakiuzwa katika kifurushi cha pembeni.

Automobilista 2 ni ya Reiza Studios ya Brazil, imekuwapo tangu 2020, na ni ya kompyuta pekee. Chini yake kuna injini, yaani programu ya msingi inayouendesha mchezo, iliyotengenezwa na Slightly Mad Studios na kutumika katika mchezo wa Project CARS 2, jambo ambalo liliiletea sifa ya picha nzuri na mvua nzuri, na pia likairithisha lawama za zamani kuhusu magari yanayoelea. Toleo la 1.6 la mwaka 2024 lilikuja kuzijibu lawama hizo kwa kurekebisha matairi ya takriban madaraja yote ya magari, na likaandamana na njia ya Le Mans.

Sikuiweka iRacing, simuleta nyingine ya kompyuta, katika mizani hii, ingawa ina wafuasi wengi duniani na mwaka 2024 ilipata mvua iliyosubiriwa kwa miaka. Inatozwa kwa usajili wa muda, na juu ya usajili huo magari na njia nyingi hununuliwa moja moja kwa dola. Anayeimudu hahitaji ushauri wangu.

Vigezo

Nimezipima zote kwa maswali yaleyale. Kwanza, gari linasemaje na dereva baada ya sasisho, na wachezaji wamelipokeaje? Pili, je, hali hiyo hubaki vilevile ukitumia pedi badala ya usukani? Tatu, inahitaji mashine gani, na inakula data na umeme kiasi gani? Nne, fedha zinatoka mara moja au zinaendelea kutoka? Mwisho, utashindana na nani? Maswali mawili ya kwanza nimeyapa nafasi kubwa, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoleta ugomvi.

Gari lenyewe

Kabla ya toleo la 1.49, lawama iliyosikika zaidi kuhusu Gran Turismo 7 ilikuwa kwamba gari hukaa juu ya lami kama sahani juu ya meza. Uzito ulihama, lakini dereva aliuona kwa macho zaidi kuliko kuuhisi. Baada ya sasisho, ukikanyaga breki kwa nguvu pua huinama na nyuma hupungua uzito kwa namna unayoweza kuisoma na kuitumia, na ukipanda ukingo wa njia katika kona gari hurushwa kidogo na kukulazimu usubiri litulie. Walio wengi katika kikundi chetu walilipenda badiliko hilo baada ya wiki mbili. Katika wiki ya kwanza hali ilikuwa nyingine kabisa, kwa sababu sasisho liliingia na hitilafu ambayo ilifanya baadhi ya magari, hasa yaliyokuwa na mipangilio isiyo ya kawaida ya springi, yaruke-ruke yenyewe na hata kupaa hewani kama teksi yenye shokamzoba zilizokufa ikivuka matuta kwa kasi. Video za magari hayo zilienea upesi, na watengenezaji wakalirekebisha kosa hilo kwa toleo la 1.50 siku chache baadaye. Nalitaja kwa sababu hadi leo utasikia mtu akisema kwamba 1.49 iliharibu Gran Turismo, na ukimhoji utakuta alicheza siku hizo tatu nne tu, akaona gari linapaa, akafunga.

Kuna lawama nyingine isiyokuwa ya hitilafu, nayo ni ya haki. Mtu aliyekuwa ametumia miezi akipanga gari lake, urefu wake kutoka chini, ugumu wa springi, mbano wa shokamzoba, aliamka na kukuta kazi yake haifai tena. Gari lilelile, kwa namba zilezile, lilikataa kukata kona.

Katika Assetto Corsa Competizione jambo hilohilo lilitokea, lakini wachezaji wake walilipokea kwa utulivu zaidi, labda kwa sababu simuleta hii huvuta watu wanaopenda namba. Kabla ya 1.9, kila mtu alijua kwamba tairi la kavu linataka upepo wa karibu psi 27.5 likiwa limepata moto; baada ya sasisho kiwango kizuri kilishuka hadi kati ya 26 na 27, na mipangilio ya zamani ikawa ya kutupwa. Ladha ya gari pia ilibadilika. Zamani tairi lilikuwa na mpaka mwembamba: ukiuvuka umepotea. Sasa mpaka umepanuka, gari huteleza kidogo na kukupa nafasi ya kulirudisha, lakini kila mtelezo unaoushangilia unapandisha joto la tairi, na baada ya mizunguko kumi unaanza kulipa. Dereva mwenye haraka ya kuonekana shujaa huonekana hivyo kwa dakika kama kumi na tano. Kwa maoni yangu hili ndilo sasisho lenye mafunzo mengi kuliko yote matatu, kwa kuwa linakuadhibu polepole, nawe unabaki na muda wa kutafakari kosa lako.

Automobilista 2 ndiyo iliyosafiri mbali zaidi kutoka ilikokuwa. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na tabia ambayo sisi tuliita kufagia: unaingia kona, nyuma ya gari inatoka taratibu kama ufagio, kisha inarudi yenyewe kirahisi mno, kana kwamba lami ina sabuni na upendo. Wengi waliinunua, wakaijaribu jioni moja, wakaiacha. Baada ya 1.6 gari limekaa chini. Mbele hushika mapema, nyuma hufuata kwa adabu, na unapopoteza mshiko unajua kwa nini umeupoteza. Niliwashuhudia wawili kati yetu wakiirudia simuleta ambayo walikuwa wameizika.

Hata hivyo sifa hiyo inahitaji tahadhari moja. Simuleta hii ina kila kitu, kuanzia vigari vidogo vya kart hadi magari ya Fomula ya miaka ya zamani, na kutoka malori ya mbio ya Brazil hadi magari ya masafa marefu ya siku hizi, kwa hiyo haiwezekani madaraja yote yawe yamefikia kiwango kimoja. Magari ya GT3 na yale ya masafa marefu yamenishawishi kabisa. Baadhi ya mengine bado yana kivuli cha ule ufagio. Mtu akikwambia kwamba Automobilista 2 ni mbaya au nzuri, muulize aliendesha gari la daraja gani.

Pedi au usukani

Hapa ndipo maoni yanapogawanyika, na hapa ndipo ningependa msomaji apunguze mwendo.

Usukani wa bei ya kawaida unaopatikana Kampala, mara nyingi Logitech G29 iliyotumika, hutumia gia ndani yake, huzunguka nyuzi 900, na huurudishia mkono nguvu inayotoka katika matairi ya mbele. Mabadiliko mengi niliyoyaeleza hapo juu hupitia katika nguvu hiyo. Unahisi tairi la mbele likianza kukosa mshiko kwa sababu usukani unakuwa mwepesi ghafla. Mwenye pedi hapati habari hiyo kwa njia hiyo. Anaipata kwa macho, kwa sauti ya matairi, na kwa mtetemo wa viganjani. Zaidi ya hayo, kijiti cha pedi hutembea sentimita moja hivi kutoka upande hadi upande, kwa hiyo simuleta inalazimika kumsaidia mchezaji kwa kulainisha mwendo wake, na msaada huo hubadilisha gari.

Gran Turismo 7 ndiyo inayompa heshima kubwa mwenye pedi. Msaada wake ni wa hekima, hauonekani, na pedi ya PlayStation 5 huongeza ukinzani katika kitufe cha breki kiasi kwamba unahisi magurudumu yakikaribia kufunga. Kwa pedi, sasisho la 1.49 lilionekana kama gari lililokuwa na usingizi limeamka. Kwa usukani maoni yalikuwa mchanganyiko zaidi: baadhi walifurahia uzito mpya, baadhi walihisi mitetemo isiyohusiana na barabara na wakalazimika kupunguza nguvu katika mipangilio. Mimi niko katika kundi la pili.

Assetto Corsa Competizione kwa pedi inachezeka, na konsoli zimejaa watu wanaoicheza hivyo, lakini uzuri wa modeli mpya ya matairi hukufikia umepungua. Ule mpaka mpana niliousifu ni mpana kwa mkono unaoweza kusahihisha usukani nyuzi tatu. Kwa kidole gumba, nyuzi tatu ni jambo la bahati. Kijana wetu wa Busia, anayecheza kwa pedi, alisema toleo la 1.9 halikubadilisha chochote isipokuwa kwamba matairi yake yanaungua. Nilimcheka, kisha nikacheza kwa pedi yake jioni nzima, na matairi yangu yakaungua.

Automobilista 2 iko katikati. Msaada wake wa pedi unaweza kurekebishwa kwa undani, lakini lazima uurekebishe mwenyewe, na mipangilio ya mwanzo haikuonyeshi uwezo wake. Kwa usukani ina kitu ambacho nyingine mbili hazina: aina kadhaa za hisia za usukani zilizokwisha kutayarishwa, na uhuru wa wachezaji kuandika za kwao. Ni neema kwa mtu mvumilivu, na ni adhabu kwa mtu aliyerudi nyumbani saa mbili usiku akitaka mizunguko mitano tu kabla ya kulala.

Mashine

Gran Turismo 7 haina maswali: una PlayStation 4 au 5, au huna. Picha za PlayStation 4 zimepungua na muda wa kusubiri ni mrefu, lakini hesabu za gari ni zilezile. Assetto Corsa Competizione kwenye kompyuta ni nzito. Watengenezaji wanapendekeza kadi ya picha ya daraja la GTX 1070 na kumbukumbu ya gigabaiti 16, na katika mbio zenye magari mengi na mvua hata hiyo hutoa jasho. Automobilista 2 ni nyepesi zaidi yake kwa mashine ileile, tofauti unayoiona kwa macho. Kama kompyuta yako ni ya zamani mno kwa zote mbili, Assetto Corsa ya mwaka 2014 bado ipo, ni nyepesi, na wapenzi wake wameijaza magari na njia za kujitengenezea.

Data na umeme

Kigezo hiki hakipewi uzito na wanaoandika kutoka Ulaya. Kwetu data imetozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, juu ya kodi ya ongezeko la thamani, na nchi isiyo na bahari hupokea mtandao wake kupitia majirani. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja, na Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopungukiwa. Nani kati yetu alicheza siku hizo?

Gran Turismo 7 ndiyo iliyotuumiza zaidi, kwa kuwa imejengwa iwe imeunganishwa wakati wote. Bila mtandao unabaki na sehemu ndogo tu ya kujiburudisha. Gereji yako, fedha zako za mchezo, na mbio nyingi za mtu mmoja hazifunguki. Wachezaji wa zamani wanakumbuka Machi 2022, siku chache baada ya mchezo kutoka, seva zilipozimwa kwa zaidi ya saa 30 kwa matengenezo na mtu aliyenunua mchezo wa peke yake akashindwa kuucheza peke yake. Isitoshe mchezo wote na masasisho yake unapita gigabaiti 100, na hata mwenye diski hupakua makumi ya gigabaiti kabla ya kukaa sawa. Ushauri wa watu wazima katika kikundi chetu ni kubeba konsoli hadi kwa rafiki mwenye mtandao wa nyaya usio na kikomo, na kumletea soda.

Assetto Corsa Competizione na Automobilista 2 zikishapakuliwa huendeshwa bila mtandao: mbio dhidi ya kompyuta, mazoezi, msimu mzima katika hiyo ya kwanza. Sasisho likija unaweza kulisubiri hadi mwisho wa mwezi. Kwa mtu wa Mbale au Kasese anayetegemea data ya simu, tofauti hii peke yake inaweza kuamua kila kitu.

Kuhusu umeme, PlayStation 5 hula takriban wati 200 wakati wa mchezo, PlayStation 4 pungufu ya hapo, na kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha nzuri huzidi wote. Kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme kinachotosha kukupa dakika kumi za kumaliza mbio na kuzima kwa heshima hugharimu kidogo kuliko usukani. Nilijifunza hilo katika mzunguko wa mwisho wa mbio za saa moja, nikiwa wa pili, giza lilipoingia mtaa mzima na majirani wakanisikia.

Bei

Diski ya Gran Turismo 7 ina faida ambayo wengi huisahau: inaweza kuuzwa tena, na Kampala soko la diski zilizotumika ni hai. Lakini Uganda haimo miongoni mwa nchi zinazohudumiwa rasmi na duka la mtandaoni la PlayStation, kwa hiyo wengi hufungua akaunti ya nchi nyingine na kununua kadi za thamani ya nchi hiyo, ambazo huuzwa kwa nyongeza. Kushindana mtandaoni pia kunadai usajili wa PlayStation Plus. Hizo mbili za kompyuta hununuliwa Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, kwa dola, kwa kadi ya benki au kadi pepe inayofunguliwa kupitia pesa za simu. Assetto Corsa Competizione hupunguzwa bei mara nyingi na kwa kiasi kikubwa; ni kosa kuinunua kwa bei kamili. Automobilista 2 huanza kwa bei ya wastani, kisha vifurushi vya pembeni hujipanga mlangoni kimoja baada ya kingine.

Wapinzani

Mchezaji wa Kampala akijiunga na seva ya Ulaya huchelewa kwa sehemu ya sekunde ambayo wenzake hawaichelewi, na katika kona yenye msongamano gari lake huonekana kwao likirukaruka. Assetto Corsa Competizione ina jamii kubwa na yenye nidhamu, hasa kupitia Low Fuel Motorsport, ambako mbio hupangwa kwa daraja la udereva. Huko ndiko nilikopata mbio safi zaidi maishani mwangu, pamoja na kuchelewa kote. Gran Turismo 7 ina watu wengi kila saa, wa kila tabia. Automobilista 2 ina uwanja mdogo mtandaoni, na nguvu yake ni mbio dhidi ya kompyuta, ambako unaweza kupandisha na kushusha uwezo wa wapinzani kwa asilimia hadi wakufae. Gran Turismo 7 inajibu kwa Sophy, mpinzani wa akili bandia aliyeingia mara ya kwanza mwaka 2023, ambaye hupita kama binadamu na hukasirisha kama binadamu.

Jambo moja dogo kwa wazalendo wa bara: Kyalami ya Afrika Kusini imo katika Automobilista 2, na katika Assetto Corsa Competizione inapatikana kwa kifurushi cha pembeni. Gran Turismo 7 haina njia hata moja ya Afrika.

Vipi kuhusu vumbi?

Najua msomaji wa Uganda amekuwa akisubiri swali hili. Tumekua tukisimama kando ya barabara za udongo kutazama Subaru na Lancer zikipita katika Pearl of Africa Rally, na kwa wengi wetu mbio ni vumbi. Hakuna simuleta kati ya hizi tatu iliyotengenezwa kwa ajili ya rali. Gran Turismo 7 ina Lancer Evolution na Impreza kadhaa na njia chache za udongo, ambako bado gari halinishawishi hata baada ya sasisho. Automobilista 2 inauza kifurushi kinachofurahisha cha rallycross, mbio fupi za mzunguko wenye udongo na lami. Assetto Corsa Competizione haijui vumbi ni nini. Anayetaka rali yenyewe aitafute EA Sports WRC ya mwaka 2023, ambayo ina hatua za Safari Rally ya Kenya, akijua kwamba watengenezaji wamekwisha kuacha kuiongezea maudhui.

Kwa hali yako

Kama tayari una PlayStation, unatumia pedi, una mtandao unaotegemewa, na nyumbani kuna watoto au wageni watakaotaka zamu, Gran Turismo 7 ya sasa inakufaa kuliko ilivyokuwa ilipotoka. Kwa PlayStation 5 skrini inaweza kugawanywa kwa watu wanne tangu sasisho la Novemba 2023, na Desemba 2025 imeongezewa njia za Yas Marina na Gilles Villeneuve. Kama una PlayStation lakini mtandao wako ni wa kubahatisha, toleo la konsoli la Assetto Corsa Competizione litakusumbua kwa ugumu wake, lakini angalau litafunguka.

Mwenye kompyuta yenye nguvu na usukani, anayetaka kujifunza daraja moja la gari hadi alijue na kupimwa dhidi ya watu wengine, aende Assetto Corsa Competizione. Asiogope kwamba watengenezaji wamehamishia nguvu zao katika Assetto Corsa EVO, iliyoanza kuuzwa Januari 2025 ikiwa bado inajengwa. Simuleta iliyotulia ina raha yake: mpangilio wa gari utakaoutengeneza leo utakuwa bado halali mwakani.

Mwenye kompyuta ya wastani, anayecheza peke yake usiku, anayechoka upesi na gari moja, na ambaye data yake hununuliwa kwa siku, ataishi vizuri na Automobilista 2. Anunue mchezo wa msingi tu kwanza, akae nao mwezi mzima, ndipo achague kifurushi kimoja cha daraja alilolipenda.

Na ambaye hana usukani lakini anapanga kuununua mwaka huu, asichague simuleta kwa pedi aliyonayo sasa. Aje Bweyogerere Jumamosi, au kwa rafiki yeyote mwenye usukani, aendeshe mizunguko kumi katika kila moja, kisha anunue usukani kwanza na simuleta baadaye. Na akikague kifaa hicho kabla ya kulipa: akizungushe hadi mwisho pande zote mbili huku kimewashwa, asikilize kama gia za ndani zinagonga, na akanyage breki mara ishirini aone kama namba kwenye skrini inafika mia kila mara.